Kabla hujauliza chumba kiko wapi, uliza utarudije

Simu za msimu wa tamasha hufanana. Mteja huanza na tiketi: ameipata, tena kwa kugombania, na siku hiyo hata mvua ya mawe haitamzuia. Kisha anashusha pumzi. "Sasa kaka, nitafutie chumba karibu kabisa na uwanja, nitembee tu kwa miguu." Nasi tunamrudishia swali: msanii wa mwisho anashuka jukwaani saa ngapi, na wewe utarudije kulala?

Wapo wanaoona tunawazungusha. Lakini kazi ya kuwatafutia watu malazi ya siku chache imetufundisha kwamba chumba kilicho jirani na jukwaa ndicho kinachowahiwa kwanza, ndicho kinachopandishwa bei kuliko vyote, na mara nyingi usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Barabara zimefungwa, teksi haifiki mlangoni, begi unaliburuta katikati ya umati, na spika zinakutikisia dirisha hadi usiku wa manane.

Chukua mji wa Montreux, Uswisi, ambako tamasha la jazi hufanyika kila Julai, na lilianza mwaka 1967. Ni mji mdogo uliobanwa kati ya ziwa na milima; vitanda haviwezi kuwatosha wageni wote. Wazoefu wanalala Lausanne, safari ya kama dakika ishirini kwa treni. Sisi tunaanzia hapo: tunatafuta njia ya usafiri kwanza, ndipo tutafute kitanda kando yake.

Lakini njia yenyewe ina saa zake. Barcelona, tamasha la muziki la Primavera Sound hupigwa kwenye uwanja wa Parc del Fòrum, na muziki huendelea hadi karibu na alfajiri. Treni za chini ya ardhi zinafika hapo vizuri. Sasa tazama ratiba yake ya kawaida: Alhamisi zinasimama saa sita usiku, Ijumaa saa nane usiku, na Jumamosi hazisimami kabisa. Chumba ni kilekile, geti ni lilelile, ila Alhamisi utakimbia kabla ya msanii uliyemfuata, na Jumamosi utarudi kwa raha zako. Mteja wa Alhamisi tunampeleka kwenye njia ya basi la usiku, hata kama chumba chenyewe si cha kupiga nacho picha.

Umbali nao tuliujifunza kwa aibu. Mwaka wetu wa kwanza tulimpangia dada mmoja chumba kilichokuwa mita mia tisa kutoka getini. Ndivyo ramani ilivyosema, na tulijisifu. Ramani ilipima kama anavyoruka kunguru, mstari mmoja ulionyooka. Katikati kulikuwa na mto, na daraja lilikuwa mbali. Alitembea karibu saa nzima, viatu mkononi. Nusu ya malipo ya chumba tuliibeba sisi. Tangu siku hiyo hatumwambii mtu "ni karibu" kabla ya kuifuata njia yenyewe kwa miguu kwenye ramani, kona kwa kona.

Kuhusu bei, usimtupie lawama zote mwenye nyumba. Hoteli nyingi, na wapangishaji wengi wa fleti, wanatumia programu zinazopanga bei zenyewe: watu wakianza kuzitafuta tarehe fulani, bei inapaa bila mtu kuigusa. Juu yake wanaweka idadi ya chini ya usiku. Wewe unataka usiku mbili, wao wanadai nne. Kuwahi kunasaidia, ila kuna dirisha la pili ambalo wengi hawalijui. Watu huweka nafasi sehemu mbili tatu kwa kuogopa kukosa, kisha huachia zile za ziada siku ya mwisho ya kughairi bila kukatwa. Siku hiyo, kwa mfano wiki mbili au wiki moja kabla, vyumba huibuka ghafla. Sisi huamka mapema kuvisubiri. Pia mpangishaji aliyebakiwa na usiku mbili tupu katikati ya wageni huwa mpole, na ile sheria ya usiku nne huiweka kando.

Wanaokuja kundi zima wakitaka fleti moja, tunawauliza mji kwanza. New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa chini ya siku 30 lazima awe amesajiliwa na jiji, akae humohumo na mgeni, na wageni wasizidi wawili. Marafiki sita na fleti nzima kwa wikiendi? Hapo ni hoteli tu, na ni bora ujue leo kuliko nafasi yako ifutwe ukiwa njiani. Barcelona kwenyewe fleti ya wageni inatakiwa kuwa na namba ya leseni, nasi tunaidai kabla ya kutoa hata senti.

Matapeli nao wana msimu wao. Majuzi mteja alitutumia picha ya sebule ya kifahari, inayodaiwa kuwa Barcelona, kwa bei ya kutupa. Mwenye nyumba "yuko nje ya nchi", anataka amana itumwe benki, funguo zitakuja kwa posta. Tuliikuza picha hadi kwenye kona ya ukuta. Soketi ilikuwa ya matundu matatu ya mstatili, ile ya Uingereza; za Hispania ni matundu mawili ya mviringo. Picha iliibwa nyumba nyingine, nchi nyingine. Mteja alicheka, halafu akanyamaza, maana kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kutuma. Ukiambiwa ulipe nje ya tovuti ulikokiona chumba, acha hapohapo.

Ukitaka tukutafutie, tutumie tarehe, siku utakazokuwa uwanjani, idadi ya watu, na nani kati yenu asiyeweza ngazi. Sema pia kama mko tayari kulala wawili kitanda kimoja. Jibu hilo hubadilisha mambo kuliko mnavyodhani. Tutakuletea vyumba viwili au vitatu, kila kimoja na saa ya usafiri wa mwisho pembeni yake. Tukikosa tutakwambia tumekosa, na malipo yetu huanza pale chumba kikishathibitishwa.

Ombi letu moja: tupigie kabla hujakata tiketi ya ndege. Ukikubali kuondoka Jumatatu jioni badala ya Jumatatu alfajiri, hatutalazimika kukutafutia chumba cha jirani na uwanja wa ndege kwa usiku ambao hata shuka hutalikunja.