Oili chafu ndiyo inayoufanya msumeno wako wa meza uwe mzito

Fundi mmoja wa samani alituletea msumeno wake wa meza juu ya kirikuu. Gurudumu la kunyanyulia bleidi lilikuwa limegoma kabisa. "Kila nikiongeza oili ndiyo kwanza linakaza," alisema, na alikuwa anasema kweli. Tulipoulaza msumeno ubavu na kuchungulia chini ya meza, meno ya gia hayakuonekana. Kulikuwa na uji mweusi wa oili chafu na unga wa mbao, umeshindiliwa kwenye kila pengo na kuganda kama lami. Tuliuchokonoa kwa kijiti na mswaki mkuukuu karibu saa nzima, ndipo gia ikaonekana. Ilikuwa nzima, haina jino hata moja lililovunjika.

Misumeno mingi inayofika kwetu ina shida hiyohiyo, na mafundi hawana kosa la uzembe. Wamezoea kwamba chuma kikiwa kizito kinapakwa mafuta. Kwenye gari ni sawa, maana gia zimefungiwa ndani ya boksi lake. Gia za msumeno ziko wazi chini ya bleidi, zinamwagikiwa na unga kutwa nzima. Ukizipaka oili au grisi, unga wote unanasa hapo. Na ukiwa unapasua paini yenye utomvu, mgando wake ni mgumu zaidi.

Juu ya meza adui ni kutu. Hapa Dar es Salaam hewa ina chumvi na unyevu, na jasho la kiganja tu linatosha kuacha doa jekundu kufikia asubuhi. Mbao inaanza kukwaruza, fensi (kile kizuizi cha pembeni kinachoongoza mbao) inasogea kwa kuruka-ruka, gaidi ya pembe (kiongozi cha kukatia mbao kwa pembe) inakwama kwenye mfereji wake juu ya meza. Hapo fundi anaanza kusukuma kwa nguvu, na hilo ndilo linalotutia hofu. Mkono unaosukuma kwa nguvu, mbao ikiachia ghafla, unakwenda mbele. Mbele kuna bleidi. Tunao wateja waliopoteza vidole, kwa hiyo hili hatulisemi kwa kutisha watu.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya mwenyewe. Chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. Toa bleidi, vaa barakoa, puliza unga kwa kompresa. Utomvu na oili iliyoganda vilowanishe kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara, subiri dakika 10, kisha sugua kwa brashi. Futa mpaka tambara litoke safi na chuma kikauke kabisa. Kutu ya juu ya meza iondoe kwa msasa laini namba 400, kwa mkono mwepesi. Usiikandamize sehemu moja, utachimba bonde.

Baada ya hapo paka nta. Nta ikikauka inaacha utando usionata, kwa hiyo unga unateleza juu yake badala ya kuganda. Mshumaa mweupe wa dukani unafaa: usugue kwenye mfereji, kwenye reli ya fensi na juu ya meza, kisha futa kwa kitambaa kikavu hadi meza ing'ae. Kwenye gia tumia kilainishi kikavu cha grafiti. Nta ya kung'arishia magari tunaikataza, kwa sababu nyingi zina silikoni. Silikoni ikihamia kwenye mbao, vanishi inakataa kushika na kuacha vishimo vidogo-vidogo, nawe utamlaumu mpakaji rangi bure.

Mwishoni rudisha bleidi, pima umbali kutoka bleidi hadi fensi, mbele na nyuma. Vipimo vinapaswa kulingana. Nyuma pakiwa pembamba, mbao itabanwa na bleidi itakurushia kifuani, hata kama meza inateleza vipi.

Kama gurudumu bado linagoma baada ya kusafisha, usilikaze kwa bomba. Huenda shafti imepinda au beringi imekufa, na hiyo ni kazi yetu. Tunakuja karakana kwako, tunakagua, tunakutajia bei kabla ya kufungua nati hata moja. Ukitupigia, tuambie tu linakaza wapi: mwanzo wa mzunguko, katikati, au bleidi ikikaribia juu. Kwa jibu hilo tutajua vifaa gani tubebe.