Jiko la Kibosho kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili

Reading, Uingereza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, kazi inaendelea vizuri, na baridi imeanza ila si ya kutisha. Natumaini nanyi hamjambo, na goti la Baba limepata nafuu.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini nisimnunulie mjukuu wako nyumba ya midoli dukani, badala ya kukesha nakata mbao. Simu ilikatika kabla sijakujibu sawasawa, kwa hiyo nakuandikia, na nina maombi kwako.

Nyumba za midoli huku zimejaa madukani, na nyingi ni nzuri kweli. Ila ni nyumba za huku: ngazi yenye zulia, moto ndani ya ukuta wa sebule. Mtoto wa kaka akicheza humo atakuwa anacheza kwa watu. Nataka apate nyumba aliyokulia baba yake, na pembeni yake lile jiko la zamani ambalo mtoto hakulikuta, maana lilibomolewa kabla hajazaliwa. Halina hata picha moja iliyotoka vizuri, Mama. Limebaki vichwani mwenu wewe na Baba.

Mafundi wengi wa vitu hivi hutumia kipimo cha moja kwa kumi na mbili: futi moja ya kweli inakuwa inchi moja. Mlango wa mita 2.1 unakuwa sentimita 17.5. Mtu wa mita 1.68 anasimama sentimita 14. Sufuria yenye upana wa sentimita 24 inabaki na 2. Kipimo kikishikwa kila mahali, jicho linakubali. Kikombe kimoja tu kikizidi, nyumba nzima inaharibika. Ndiyo maana nakusumbua na futikamba.

Bati nimelipata pazuri sana. Mawimbi ya bati la kwetu yanapishana kama milimita 76, na ukigawa kwa 12 unapata milimita 6 na kidogo. Sasa chukua boksi la kawaida, lowesha karatasi ya juu, ibandue taratibu: mawimbi ya ndani yana karibu kipimo hichohicho! Napaka rangi ya fedha, halafu kahawia kidogo penye misumari ili kutu ionekane. Ukutani mwa jiko nitasugua unga wa mkaa, kuanzia juu ya mafiga hadi darini kwenye kuni, kisha nipulizie vanishi ili masizi yasimchafue mtoto. Jiko lisilo na masizi si la kwetu.

Ndizi nafinyanga kwa wanga wa mahindi na gundi nyeupe, unausonga motoni kama ugali mpaka uache sufuria. Kila ndizi ni sentimita moja na nusu. Mkungu mzima unakaa kiganjani. Kitambaa ndicho kigumu: hata kikatwe kidogo namna gani, unene wake ni uleule, kwa hiyo pazia linasimama wima badala ya kulala. Dawa yake ni kulichovya kwenye gundi iliyotiwa maji, kulikunja mikunjo na kulibana kwa pini mpaka likauke. Na maua ya kitenge cha kawaida ni makubwa mno, yanahitaji kitambaa chepesi chenye vijiua.

Nilikwenda Windsor, si mbali na hapa, kuona nyumba ya midoli ya Malkia Mary kwenye kasri la wafalme. Ilijengwa kati ya 1921 na 1924, ikachorwa na Edwin Lutyens, msanifu mkubwa wa majengo wa wakati ule. Ina umeme, maji ya bomba, lifti zinazopanda na kushuka, na chupa ndogo zenye mvinyo wa kweli. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, na watu huitazama kupitia kioo. Ya kwetu itashikwa. Kwa hiyo vyombo vidogo nagundisha, maana mdogo wake bado anatia kila kitu mdomoni, na taa zitatumia betri za kawaida ndani ya kisanduku chenye skrubu. Zile betri bapa za saa sizitaki kabisa. Mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo kwa muda mfupi.

Kuna ujanja wa vyumba vya Bibi Thorne, vyumba vidogo 68 vya maonyesho vilivyoko Art Institute, jumba la sanaa la Chicago, Marekani. Nyuma ya madirisha kumewekwa mandhari iliyochorwa, na taa zimefichwa, hivyo unaona kama bustani iko mbali. Nami nitaiweka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hivyo nyuma ya dirisha la jiko, ya asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika.

Sasa maombi yangu. Mpe kaka apime kabati la vyombo la sebuleni, urefu, upana na kina, na apige picha ya vile vitambaa ulivyofuma vya makochi, nivifume kwa uzi wa kushonea. Lakini la jiko ni lako mwenyewe. Mafiga yalikuwa kona ipi? Ulipokaa kwenye kigoda, mgongo ulielekea mlangoni au ukutani? Kinu kilikaa ndani au nje? Dirisha lilikuwa na mbao au wavu? Mkibishana na Baba, niandikieni yote mawili.

Migomba sitaitengeneza huku. Nikija Desemba tutakwenda kihambani, shambani kwetu, mimi na mjukuu wako, tuchukue magome makavu, tuikunje pamoja, ili sehemu ya zawadi iwe ya mikono yake. Nyumba itakuja imefunguliwa vipande vipande ndani ya begi, naiunganisha kwa skrubu hapohapo barazani. Usimwambie bado.

Msalimie Baba, na wote wa nyumbani. Nitapiga Jumapili mkishatoka misa, uwe na majibu karibu.

Ni mimi mwanao.