Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka wa sita wa chama chetu cha wapenzi wa vichekesho vya televisheni ya Uingereza. Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana mara 9, tukatazama vipindi 22, na kijitabu chetu cha kueleza kwa Kiswahili misemo ya mitaa ya London kimetoka toleo la pili, nakala 60, zimebaki 31. Kazi hiyo niliianzisha mwenyewe na nashukuru kuona imepata wasaidizi. Mapato yalikuwa pauni 611 (ada 435, michango 176), matumizi pauni 578. Mweka hazina anazo stakabadhi zote.

Sasa nije kwenye suala la Desemba, ambalo limesemwa sana pembeni na kidogo sana kikaoni.

Pendekezo la awali lilikuwa kuonyesha vipindi vitatu vya Krismasi ya 1996 vya Only Fools and Horses, vichekesho vya ndugu wawili wachuuzi wa London, Del na Rodney. Kamati iligawanyika 3 kwa 3, na kwa mujibu wa katiba yetu kura ya mwenyekiti ikaamua. Tukaonyesha kipindi cha The Good Life cha 26 Desemba 1977, chenye nusu saa tu, kisha Krismasi ya The Royle Family ya 1999. Nimeambiwa nilichagua kitu cha kizamani, kifupi, cha watu wanne waliokaa sebuleni. Naomba nijibu.

Hakuna aliyesema vile vitatu ni vibaya. Cha mwisho, cha 29 Desemba 1996, kilitazamwa na watu milioni 24.3, enzi ambayo Uingereza nzima ilikuwa na chaneli nne za kawaida na ukoo mzima ulikaa mbele ya seti moja. Lakini utamu wake umelimbikizwa kwa miaka 15. Tangu 1981 Del anaahidi kwamba mwaka ujao wakati kama huu watakuwa mamilionea, na muda wote huo saa ya thamani imelala gereji kwenye vikorokoro. Inaponadiwa kwa pauni milioni 6.2, anayelia kwa furaha ni yule aliyesubiri pamoja nao. Mgeni ataona watu wawili waliopata pesa. Hali kadhalika tukio la lifti: Del anaikwamisha makusudi ili Rodney apate pa kusemea uchungu wa mimba ya mkewe iliyoharibika. Mimba hiyo inaharibika katika kipindi cha pili. Ukionyesha cha tatu peke yake umekata kichwa, na ukionyesha vyote ni muda wa takriban saa tatu. Ukumbi tunaukodi kwa muda wa saa tatu tu, pamoja na kupanga viti na kuvirudisha.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni ya ufundi. Kipindi cha Krismasi nakipima hivi: iondoe Krismasi, uone kama kisa bado kinasimama. Kikisimama, basi hicho ni kipindi cha siku yoyote kilichovikwa kofia ya karatasi ya sikukuu. Katika The Good Life hakisimami. Margo, mama mwenye uwezo na anayependa makuu, ameagiza Krismasi yake yote kutoka dukani. Mti aliotaka wa futi tisa unafika ukiwa pungufu kwa nusu futi, naye anaukataa. Kwa kuwa mzigo ni mmoja, kuukataa mti ni kuyakataa na mengine yote, kuanzia chakula hadi mapambo. Maduka yakishafungwa, hakuna pa kurekebisha. Anawapigia simu wageni aliowaalika na kudanganya kuwa mumewe Jerry anaumwa tetekuwanga. Uongo huo unawafungia ndani, na mlango pekee uliobaki ni wa jirani, Tom na Barbara, wanaojilimia chakula chao wenyewe, ambao sikukuu yao haijawagharimu karibu chochote. Kila hatua inaizaa inayofuata, ndiyo maana nusu saa inatosha.

Na Margo habadiliki. Anavishwa kofia iliyokunjwa kwa gazeti, na anacholalamikia ni aina ya gazeti! Mwandishi mwepesi angemfanya aombe msamaha huku akitokwa na machozi. Waandishi wake, John Esmonde na Bob Larbey, walimlegeza kidogo tu, tukamwamini.

Urefu ndio unaoua vipindi vingi vya sikukuu. Ukipewa dakika 60 au 90 badala ya 30, huwezi kurefusha kwa kutembea polepole. Unahitaji kisa cha pili kitakachogongana na cha kwanza. Waandishi wakikikosa huwapandisha wahusika ndege. Only Fools ya 1991 ilikwenda Miami, na sehemu za huko hazikuwa na kicheko cha watazamaji wa studio, mwendo ukawa wa filamu. Ile ya 1986, A Royal Flush, nayo ilirekodiwa bila kicheko. Del akimwaibisha Rodney mezani kwa watu wakubwa, bila kicheko inageuka ukatili mtupu. Mwandishi wake, John Sullivan, mwenyewe aliipunguza baadaye na kuitia kicheko ilipotolewa kwenye diski. Linganisheni na The Vicar of Dibley ya 1996: kasisi hawezi kukataa mwaliko, anakubali chakula cha mchana cha Krismasi nyumba zaidi ya moja, na kila sahani inaongeza mzigo juu ya ile iliyotangulia. Hapo urefu una kazi.

The Royle Family haina kicheko kabisa, na niliichagua kwa sababu hiyo, mpate kuona njia zote mbili usiku mmoja. Denise anashikwa na uchungu wa kuzaa, baba yake Jim anakaa naye chooni kumtuliza. Tukio lile linagusa kwa sababu Jim hana kawaida ya kutoa neno la upole. Upole wa Krismasi ni kama chumvi: kidogo, na mwishoni.

Hapa ndipo mahudhurio yanaponiuma. Kati ya wanachama 64 walikuja 18, katika ukumbi wa viti 80, na 8 kati yao waliingia baada ya suala la mti kupita. Asiyeuona mti haelewi kwa nini nyumba ya Margo ni tupu, na baadhi ya lawama zilizonifikia zimetoka kwa hao hao. Waigizaji wa studio husubiri kicheko kiishe ndipo waseme mstari unaofuata. Vichekesho hivi vimetengenezwa kwa ajili ya watu waliobanana.

Kuhusu ada: pauni 15 kwa mwaka, waliolipa ni 29. Waliobaki 35 wanadaiwa jumla ya pauni 525. Kibali cha kuonyesha hadharani na kodi ya ukumbi hulipwa kabla hatujawasha projekta, na mwaka huu pengo la Desemba nililiziba mimi kwa pauni 90, ambazo zimo kwenye michango. Sizidai, ila naomba ziingie kwenye kumbukumbu.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kufikiria Krismasi ya Mr. Bean ya 1992 kwa ajili ya watoto, maana batamzinga aliyenasa kichwani hahitaji mkalimani. Vile vitatu vya 1996 navyo tungependa kuvipangia siku nzima, ukumbi wa bei nafuu ukipatikana na wajitoleaji wa kupanga viti wakijitokeza. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya kuondoka leo.

Naomba kuwasilisha.