Kwako wewe wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma

Ndugu yangu, simu zangu hupokei, na mjini ukiniona unavuka barabara, kwa hiyo naandika hapa hapa kweupe, najua kuna mtu atakuonyesha.

Unakumbuka ile likizo yangu ya kwanza ya kidato cha tano? Nilishuka mwaloni na shati limenyooshwa, nikakukuta unaanua dagaa, ukaniangalia juu mpaka chini ukasema "we siku hizi si wetu", ukaendelea na kazi. Niliumia sana, nikajiambia una wivu. Nimekaa na hilo neno miaka yote mpaka juzi nilipoanza kusoma maisha ya padri mmoja wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, nikaona kumbe mwenye kosa nilikuwa mimi.

Huyu Cardijn alizaliwa 1882 Brussels, akakulia mji mdogo wa Halle, wazazi wake watu wa kazi tu. Alipomaliza shule ya msingi alitakiwa aende kiwandani kama wenzake, ila usiku akashuka peku kumwambia baba yake anataka kuwa padri, na wazazi wakakubali kuendelea kujitesa ili asome. Sasa sikiliza hapa. Akiwa seminari akarudi likizo, akawatafuta wale aliocheza nao, wako viwandani tangu wadogo, wamechoka, wengine imani imeshawatoka, na yeye wakamkwepa! Kwao mtu anayesomea upadri ameshahamia kwa matajiri. Yaani ni wewe na mimi kabisa. Tofauti ni kwamba yeye hakukasirika kama mimi, alijiuliza kwa nini. Mwaka 1903 baba yake akiwa anakufa, aliapa kwamba maisha yake yote atayatoa kwa vijana wafanyakazi. Mi nilinuna tu nikarudi shule.

Akapata upadrisho 1906, na 1912 akapelekwa parokia ya Laeken pale Brussels, akaanza na mabinti mafundi cherehani, anawauliza wanaamka saa ngapi, wanalipwa nini, bosi anaongea nao vipi. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, Wajerumani wakamfunga. Mwaka huo huo 1916 askari wa Ubelgiji walikuwa wanaingia Kigoma yetu hii wakaenda mpaka Tabora, nimelifikiria sana hilo, kwao padri yuko ndani na huku kwetu bendera yao inapanda, na hapo katikati babu zetu wanabebeshwa mizigo ya vita ambayo si yao.

Mwaka 1925 chama chake kikasimama rasmi, JOC, yaani Vijana Wafanyakazi Wakristo, akaenda Roma mwenyewe kumuona Papa Pius XI na akakubaliwa. VIWAWA yetu imetokana na huko. Hebu lisome jina tena, Vijana Wakatoliki WAFANYAKAZI. Sisi tumebaki na kwaya na michango na sare, hilo neno la mwisho tumelisahau, ndo maana we ukaona hapakufai, unatoka ziwani alfajiri unanuka samaki alafu unaambiwa umechelewa mazoezi.

Njia yake ilikuwa maneno matatu, ona, amua, tenda, na Papa Yohane XXIII aliyaweka kwenye waraka wake wa 1961. Na wa kuona si padri, ni kijana mwenyewe, kwa sababu ndo anayeijua kazi. Cardijn alisema kijana mfanyakazi mmoja ana thamani kuliko dhahabu yote ya dunia. Na walei, waumini wa kawaida wasio mapadri, alioanza nao hawakuwa wa kutumwa tumwa, Fernand Tonnet na Paul Garcet walifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Dachau mwaka 1945. Cardijn mwenyewe alipewa ukardinali 1965, miaka miwili baadaye akafariki.

Sasa nimejiuliza, mi nimewahi kukuuliza nini kuhusu kazi yako? Sijui tajiri akishatoa hela ya mafuta na ya nyavu mnabaki na shilingi ngapi kila mmoja. Sijui ile siku mtumbwi wenu ulipopigwa na upepo nani alilipia matibabu ya yule dogo. Nimezaliwa mita mia tano kutoka hapo na sijui! Na kanisani nilisimama kusoma masomo kana kwamba nawajua watu wote.

Naomba unisamehe, kwanza kwa kununa, pili kwa kutokuuliza.

Wiki ijayo mbalamwezi itakuwa kubwa, najua hamtoki kuvua. Nitashuka jioni, sitakuja na padri wala na mtu wa kukusanya michango, nitakuwa na daftari tu. Wale vijana wawili wa boti yenu waambie nao wakae. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie migebuka ya siku hiyo nanunua mimi.