Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kichocho Kisichoonekana Kwenye Mkojo

Ndugu wanachama,

Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Mimi naomba niseme juu ya jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu: kichocho cha via vya uzazi vya mwanamke, ugonjwa wa minyoo inayomwingia mtu akiwa kwenye maji ya mito, mabwawa na maziwa.

Daktari Frank Cole Madden alikieleza huko Cairo mwaka 1899. Leo inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika wanaishi nacho, na bado hakuna kipimo kimoja cha kutegemewa. Mayai ya minyoo hunasa kwenye mlango wa kizazi huku mkojo ukionekana safi. Maabara inaandika kwamba mama hana kichocho. Mama anarudi na maumivu ya nyonga na damu baada ya tendo la ndoa, anapewa dawa za magonjwa ya zinaa, haponi, na nyumbani anaanza kushukiwa. Wakunga wenzangu, mnawajua wanawake hawa.

Takwimu nyingi za kichocho zimetoka shuleni, kwa kuwa huko ndiko mkojo unakokusanywa na prazikwanteli, dawa ya kichocho, inakogawiwa. Mama anayepanda mpunga bondeni hamo. Wajawazito waliachwa nje ya ugawaji wa dawa hadi Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza, mwaka 2002, kwamba nao watibiwe. Hata swali la msingi, kama dawa inayoua minyoo huponya pia madhara yaliyokwisha kujijenga kwenye mlango wa kizazi, halijajibiwa vya kutosha. Kuhusu VVU, utafiti wa vijijini Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta wenye kichocho hiki wakiwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa na virusi. Tafiti zilizofuata hazikuafikiana zote, na ndiyo maana nyingine zinahitajika haraka.

Wapo wanaosema utafiti huu ni ghali mno kwa sababu ya kolposkopu, kifaa cha kukuzia na kuangalizia mlango wa kizazi. Sikubaliani nao. Nchini Zambia wanawake wamejichukulia sampuli za ukeni wenyewe, majumbani mwao.

Kamati imeandaa fomu fupi ya kliniki: umekulia wapi, ulikuwa ukichota, ukifua na kuoga maji gani, umewahi kukojoa damu utotoni. Maswali haya mama aulizwe akiwa peke yake, si mbele ya mume wala mama mkwe. Rasimu iko kwa katibu. Wanachama wa Unguja, Pemba na Kanda ya Ziwa, tunaomba marekebisho yenu kabla ya mkutano mkuu.