Seti arubaini za mito

Kibokoni, Mombasa
21 Juni

Shoga yangu Mwanakombo,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Upepo wa kusi umeshika, nguo hazikauki, na paa la jikoni limeanza tena uchokozi wake wa kila mwaka.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Dakika saba, na tano katika hizo ni matusi! Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini. Sikucheka kwa kuwa soko la mtandaoni limekukata pesa za mikoba yako. Nilicheka kwa kuwa matusi yale ni yangu mimi, niliyatoa mwezi wa Aprili, karibu kwa mpangilio ule ule. Nimeona bora nikuandikie kuliko kukupigia, maana humu mna hesabu, na hesabu ya simuni huingia sikio hili ikatokea lile.

Unakumbuka Shaabani nilikwambia nimepata kitambaa kizuri pale Biashara Street, nikampa fundi wangu wa Majengo anishonee mito ya sebuleni? Basi. Ramadhani ikiingia, hakuna nyumba ya pwani isiyowaza mapazia na mito ya Idi, na mwaka huu oda za mtandaoni hazikunipa nafasi ya kupumua. Nilipeleka seti 40 kwa lile soko la mtandaoni linaloniuzia, kila seti mito mitano, shilingi 2,500. Wanunuzi wengi walikuwa wa kulipa mlangoni, na wa mlangoni unawajua: huyu hakushika simu, yule mumewe kakataa, mwengine kabadilisha nia. Zikanirudia seti 11. Hilo sikulilalamikia, ndivyo biashara hiyo ilivyo.

Zilibaki 29. Piga hesabu nami. 29 mara 2,500 ni 72,500. Kamisheni yao kwangu ni asilimia 10, yaani 7,250. Juu ya kamisheni hiyo kuna VAT ya asilimia 16, nayo ni 1,160. (Hii VAT wengi wetu huisahau. Muulize muuzaji yeyote anakatwa ngapi, atakujibu kumi, kumbe ni kumi na moja nukta sita.) Kwa hiyo nilikuwa nangojea 64,090. Zikaingia 47,450.

Pengo la 16,640, na ndizo hasa nilizokuwa nimemuahidi fundi.

Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa adabu, "sawa mama, pole mama," akanipa nambari ya malalamiko. Mimi nilichomwambia, ukiondoa ukali, kilikuwa kimoja tu: pesa zangu zimepungua. Siku ya tatu ukaja ujumbe kwamba malalamiko yangu yametatuliwa. Yametatuliwa vipi, hata senti sijaona? Nikayafungua upya, wakayafunga upya. Mara ya tatu nikamfokea kijana mwengine kabisa, maskini, ambaye hata hakujua mimi ni nani wala nauza nini. Yakafungwa.

Kilichonizindua ni kumkumbuka marehemu baba na lile duka lake karibu na Marikiti. Baba hakuwa akimdai mtu kwa kumwambia "una deni langu." Alikuwa akifungua daftari, anaweka kidole: Jumatatu, sukari ratili mbili, Jumatano, kibaba cha mchele, mafuta ya taa chupa moja. Mtu aweza kubishana na deni mpaka jua likachwe, lakini kibaba cha mchele alichokula mwenyewe atakibishia vipi? Na mimi nilikuwa nikiwapelekea wale jamaa deni, sikuwapelekea kibaba.

Basi nikapakua stetimenti yao yote ya mwezi, nikaketi mkekani na daftari la mistari, nikaandika nambari ya oda moja moja. Siku niliyopeleka mzigo. Siku waliyoandika wao kwamba wameupokea. Hali yake, umefika au umerudi. Walichonilipa, na walichokata kwa jina gani. Ilinichukua usiku mzima mpaka adhana ya alfajiri. Pale ndipo nilipoona kuwa pengo langu halikuwa moja, yalikuwa matatu, na kila moja lina baba yake.

La kwanza: seti nne walizoziandika kuwa zimerudi, na mimi sikuzipokea. Wao walihesabu 15 zilizorudi, mimi nilikuwa na 11. Ukitoa kamisheni na VAT, hizo nne ni 8,840.

La pili: "ada ya mzigo mkubwa," 240 kila seti. Kwa seti 25 walizozikubali, 6,000.

La tatu: faini ya kuchelewesha oda sita, 300 kila moja, jumla 1,800.

Jumlisha uone kama hukupata 16,640 yako. Nilipoona imegonga, ghadhabu yote ilinitoka. Wizi sikuuona. Niliona mambo matatu tofauti, na moja katika hayo, nakuungamia wewe tu, lilikuwa kosa langu.

Nalo ni hilo la mzigo mkubwa. Mito mitano haifiki kilo tatu, lakini wasafirishaji hawatazami mizani peke yake, hutazama pia nafasi ambayo mzigo unakula garini. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakazidisha, wakagawanya kwa 5,000, na wengi wao hutumia kigawanyo hicho hicho. Katoni yangu ilikuwa 50 kwa 40 kwa 30. Fanya hesabu: 60,000 gawa kwa 5,000 ni kilo 12! Nilikuwa nasafirisha hewa ya Mombasa na kuilipia nauli. Na lilikuwa limeandikwa katika mkataba niliobofya "nakubali" bila kuusoma. Hapo sikudai kitu. Siku hizi mito naitia katika plastiki nene, namkalisha mwanangu juu yake, nafunga kamba, inashuka mpaka kimo cha sentimita 10, yaani kilo nne za karatasini. Na anayetaka foronya tupu namuuzia foronya tupu, sponji atajaza mwenyewe.

Faini za kuchelewa zilikuwa rahisi. Mizigo ile sita niliipeleka kituo chao cha kupokea mizigo Ijumaa, wao wakaiingiza katika mfumo Jumanne, na katikati palikuwa na Idi. Bahati yangu yule msichana wa kituoni huwa anagonga muhuri kwenye orodha, na mimi nina tabia ya kuipiga picha kabla sijapanda tuktuk. Picha ina saa na tarehe. Hapakuwa na la kubishana.

Zile seti nne ndizo zilizonipa kazi, na ndizo zinazofanana na kisa chako, kwa hiyo hapa soma polepole. Wao wanasema zimerudi, mimi nasema sikuzipata. Nitathibitisha vipi kwamba kitu sikukipata? Nilizunguka na swali hilo siku mbili, kisha nikaona kwamba si kazi yangu kuthibitisha. Kila mzigo unaorudi husainiwa. Orodha yangu ya 11 ina sahihi zangu 11. Basi nikawaandikia: oda hizi nne, nambari hizi hapa, tafadhali nionyesheni sahihi yangu ya kuzipokea. Sikuongeza neno.

Halafu nikapata zawadi nisiyoitarajia. Nilikuwa nasoma maoni ya wateja kwenye ukurasa wangu, nikamkuta mama mmoja wa Voi ameweka picha ya mito yangu imepangwa kwenye kochi lake, ya kijani, mitano yote, akanipa nyota nne. Ya tano kaninyima kwa sababu zipu inakwama. Nikatazama oda yake. Ni mmojawapo wa wale wanne "waliorudisha"! Nikaipiga picha ile, na zipu yake na lawama yake, nikaiambatanisha. Sijawahi kufurahia kulaumiwa kama siku ile.

Niliandika barua pepe moja tu. Kila oda mstari wake, kila dai kiasi chake, jumla chini, picha zimepewa nambari. Nikataja nambari za malalamiko matatu ya nyuma waliyoyafunga, ili wasinianzishe upya. Nikaeleza nilikuwa bado ndani ya muda, maana mkataba wao ulinipa siku 30 tangu stetimenti itoke, na mimi nilikuwa siku ya 26. (Wewe uko siku ya ngapi? Angalia leo, usingoje kesho.) Mwisho nikawapa siku 14, nikasema zikipita nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Hilo la mahakama sikulitaja kwa kutisha. Nilikwenda kuuliza. Ni mahakama iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Ila soma mkataba wako kwanza, kwani baadhi ya masoko haya huweka kifungu cha kupeleka mgogoro kwa msuluhishi kabla ya kwenda kortini. Usije ukafika kwa hakimu ukarudishwa mlangoni.

Siku ya tisa akanipigia mtu mwengine, wa idara ya malipo, si kijana wa "pole mama." Sahihi zangu hawakuwa nazo. Wakarudisha faini zote 1,800 na pesa za seti nne, lakini ngoja ucheke: kwa kuwa sasa wamekubali kuwa seti nne zile ziliuzwa, wakanikata ada ya mzigo mkubwa kwa hizo nne pia, 960. Kwa hiyo 8,840 ikawa 7,880. Nilitaka kufungua mdomo, nikajizuia. Hesabu yao ilikuwa sawa. Zikaingia 9,680, fundi kalipwa.

Sasa njoo kwako. Umekatwa 9,600 kwa mikoba minne ya miyaa kwa sababu mnunuzi amesema haifanani na picha. Uliza mambo mawili kwa maandishi: picha alizotuma mnunuzi ziko wapi, na mikoba yenyewe iko wapi? Mtu akirudishiwa pesa, mali nayo hurudi. Ikiwa mikoba haijafika Malindi na sahihi yako hawana, hapo unawadai. Lakini shoga, kwa picha nitakusema. Nimeutazama ukurasa wako, mkoba ule ni mwekundu kama pilipili, na ule ulionipa mimi ni wa rangi ya zabibu. Sisi twajua rangi ya miyaa hutoka kila sufuria na lake, mtu wa Eldoret atajuaje? Piga picha upya juani, uandike rangi hutofautiana. Hapo mnunuzi hakuwa mwongo kabisa.

Yule mteja wako wa Ujerumani ni mambo mengine. Kama alilipa kwa PayPal, ana siku 180 za kufungua malalamiko kwamba hajapata mzigo, kwa hiyo usifurahie kimya chake. Kinachokulinda ni ushahidi kuwa mzigo ulikwenda kwenye anwani ile ile iliyo katika malipo, kwa nambari ya kufuatilia. Lipia EMS, ile huduma ya haraka ya posta, uchungu wa bei utausahau. Na akikuomba alipe kwa njia ile ya "marafiki na familia" ili makato yapungue, kataa, kwani ulinzi wa muuzaji huko haupo.

Jambo jengine dogo: ukishaanza kulalamika, yupo atakayekupigia akijifanya wa idara ya malipo, akutake PIN ya M-Pesa ili "akurejeshee." Mimi walinipigia wawili. Anayekurudishia pesa hahitaji PIN yako. Stetimenti yako ya M-Pesa iombe mwenyewe kwa *334#, utaihitaji kuonyesha kilichoingia na siku kilipoingia.

Nitumie stetimenti yao yote, si ule ukurasa wa mwisho ulionipigia picha ya pembeni na kidole kikiwemo. Tutakaa nayo kwa simu Jumapili baada ya laasiri. Mama umwambie ile achari ya ndimu imekwisha, na ndoo yake nimeiosha.

Ndimi,
Rukia

Tena: yule mama wa Voi ameagiza seti ya pili, ya buluu. Nimebadilisha zipu.