Barua kwa Mama kutoka Lexington

Lexington, Kentucky

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, isipokuwa baridi tu. Fedha za mabati nimezituma kwenye simu ya Kaka Elia, na zilizosalia zitafuata mwisho wa mwezi.

Lililoniuma ni neno la Baba Mdogo mbele ya ukoo, kwamba nilisomeshwa hadi chuo kikuu ili nije kuwafundisha watu wazima a-e-i-o-u. Naomba umweleze kazi yenyewe. Wanafunzi wangu wengi ni Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapo hapo wilayani kwetu, nami ninawafundisha kuandika kwa Kiingereza habari za mambo yaliyopita. Sisi tukisema "nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi," ile -li- ya mwanzo inatosha, na -ka- huyabeba matendo yanayofuata hata yawe kumi. Kiingereza hudai kila kitendo kivalishwe wakati uliopita upya, tena vitendo vya kila siku, kama kwenda na kununua, ndivyo visivyofuata kanuni. Kwa hiyo mwanafunzi huandika "went" bila kosa, kisha "buy" na "return" yanafuata yakiwa uchi. Walimu wenzangu wazawa walidhani ni uvivu. Mimi ndiye niliyewaonyesha chanzo chake, na sasa nimeongezewa darasa la pili. Hilo nalo Baba Mdogo alisikie.

Darasani, kwanza kila mwanafunzi humsimulia mwenzake habari yake kwa Kiswahili, huchora mstari na kuyapanga matukio juu yake kwa mfuatano, ndipo huandika. Katika kusahihisha tunasaka vitendo peke yake, tahajia husubiri. Simlazimishi mtu kuandika jinsi alivyokimbia vita, ingawa vitabu tulivyopewa hupenda kuuliza "siku iliyobadilisha maisha yako," swali ambalo aliyelitunga hakuwafikiria watu hawa hata kidogo. Wanachagua wenyewe. Mama mmoja aliandika jinsi alivyobadilisha unga wa mgawo kwa samaki wa migebuka katika soko la karibu na kambi, na vitendo vyote alivipatia isipokuwa kimoja. Kalamu yangu ilisimama, Mama, kwa hamu ya migebuka.

Neema naye aandike ukurasa mmoja wa Kiingereza kuhusu harusi ya Elia, apige picha anitumie, nimsahihishie kabla ya mtihani wa Kidato cha Pili. Asimpe Elia amwandikie. Mwandiko wake naujua.

Mwanao,
Esta